Pembe Nne za Kanga



Kwa wiki tatu sasa sebule yangu pale Magomeni imekuwa karakana. Viti vimesogezwa ukutani, zulia limekunjwa, na sakafuni pametandikwa mkeka. Juu ya mkeka kuna karatasi zilizogundishwa moja kwa nyingine mpaka zikafika urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Mama anayenisikiliza akiwa na kanga kiunoni anavijua vipimo hivyo bila rula.

Wenye karatasi ni vijana watano wanaosomea ubunifu wa vitambaa katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Mmoja wao ni binti wa kaka yangu. Wamepewa kazi ya kundi: wabuni kanga inayosema jambo moja linalowagusa watu wa jiji hili, kisha wasimame mbele ya walimu wao na wageni wachache wa kutoka viwandani, waieleze kwa dakika 15. Wao wanaiita prezentesheni. Alama ni moja kwa wote watano.

Binti aliniomba sebule kwa sababu kwao hosteli hakuna sakafu ya kutandaza kitu kikubwa hivyo. Nadhani aliniomba pia kwa sababu anajua nilikuwa nafanya nini kabla ya kustaafu. Nilikuwa mchoraji wa michoro ya kanga na vitenge kiwandani. Nimekaa miaka mingi na penseli, karatasi ya miraba na kikombe cha chai kilichopoa. Kwa hiyo walipoingia siku ya kwanza, wakaniamkia, nikaitikia marahaba, nilikuwa na hamu ya kweli ya kuona walichobeba.

Walikuwa wamebeba vipande.

Kumbe kazi walishaigawana kwenye kundi lao la WhatsApp, nusu saa tu baada ya kuipokea. Binti mmoja wa kutoka Tanga alipewa mji, maana ndiye mwenye mkono mzuri wa kuchora. Mpwa wangu akapewa pindo. Kijana mmoja akapewa jina. Mwingine, mpole, asiyesema sana, akapewa slaidi. Wa tano akapewa utangulizi na shukrani. Kila mmoja akaenda zake, akafanya chake, na siku hiyo ndiyo walikuwa wanakutana kuviunganisha.

Sikuwalaumu wala siwalaumu sasa. Mwanafunzi ana masomo sita mengine, ana daladala mbili za kupanda, bumu limechelewa, na hiyo njia ya kugawana vipande ndiyo inayoonekana kuwa ya haki: kila mtu na mzigo wake. Lakini tulipoviweka vile vipande sakafuni, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Pindo lilikuwa na korosho kubwa kubwa, nene, za kuvutia. Mji ulikuwa na mawimbi membamba ya maji, mazuri pia, ila yalizama kabisa katikati ya zile korosho. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi za mikunjo kama za kadi ya harusi. Zilikuwa nguo tatu zimelala pamoja.

Nikawaambia waangalie pembe.

Hapa naomba msikilizaji univumilie kidogo, maana pembe ya kanga ndiyo iliyonifanya nije leo studio. Pindo la kanga huzunguka pande zote nne. Linalotoka kushoto lazima likutane na linalotoka chini, na mahali linapokutana ndipo anapojulikana mchoraji. Asiyejua huliacha pindo lijikate lenyewe, basi unaona korosho nusu imegongana na korosho nusu, kama watu wawili waliokutana mlangoni na kila mmoja anataka kutangulia. Anayejua hupiga hesabu kabla ya kuchora chochote. Chukua kanga ya sentimita 150 kwa 110. Ukilipa pindo upana wa sentimita 15 kila upande, ndani unabakiwa na 120 kwa 80. Sasa ua lako likiwa la sentimita 20, utapata maua sita kwa urefu na manne kwa upana, hakuna linalokatika, na kila pembe inabaki na mraba wake wa 15 kwa 15, mtupu, unakusubiri uamue utaweka nini. Mraba huo ni mdogo, lakini huwezi kuuamua kama hujui mji una nini na jina linasemaje.

Pembe za wale vijana zilikuwa zimejikata zenyewe.

Nikawasimulia jambo lililotokea katika kiwanda nilichowahi kufanyia kazi, ambacho sitakitaja. Wakati huo sisi wachoraji tulikaa chumba kimoja na waandishi wa majina walikaa chumba kingine, na karatasi zilikutana kwa mafundi wa fremu za kuchapia. Kila rangi ina fremu yake, kwa hiyo kosa likishaingia kwenye fremu halitoki tena mpaka fremu itengenezwe upya. Ilikuja oda ya kanga ya kumshukuru mama. Jina lilitakiwa lisome ASANTE MAMA KWA MALEZI. Herufi moja ikakosewa, na kanga zikatoka zinasema ASANTE MAMA KWA MALAZI. Mamia ya doti. Nilikuwa nimezipitia karatasi za pindo lile mara tatu na kila ua lilikuwa mahali pake. Mwandishi wa jina naye bila shaka aliridhika na herufi zake zilivyokaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akaitazama nguo nzima kama atakavyoitazama mtu wa sokoni. Mteja wa kwanza kuifunua ndiye aliyeliona. Zile kanga ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na mama fulani mahali fulani aliletewa zawadi inayomshukuru kwa kumpa mwanawe pa kulala.

Vijana walicheka, kisha wakanyamaza, wakaangalia tena vile vipande vyao.

Tukaanza upya. Sharti langu lilikuwa moja tu: hakuna kuondoka na kipande. Wote watano wachore pindo, wote watano watafute jina, wote wapige hesabu ya pembe, hata yule asiyeipenda hesabu. Wakalalamika kwamba itachukua muda, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana ilichukua. Lakini kwanza nikawatuma Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga, wakasimame pembeni asubuhi nzima bila kununua kitu, watazame tu watu wananunuaje.

Walirudi na madaftari yamejaa. Waliona kwamba mteja husimamishwa na rangi akiwa bado mbali, tena rangi tu, michoro bado haionekani. Akifika karibu anainua ncha ya kanga anasoma jina, mara nyingi kwa sauti, akimsomea aliyefuatana naye. Walimwona mama mmoja aliyeipenda sana kanga moja, akaishika, akaizungusha, halafu akairudisha kwa sababu alikuwa anamnunulia mama mkwe na jina lake lilikuwa kijembe. Muuzaji mmoja aliwaambia kwamba rangi humwita mteja lakini jina ndilo linalofungua pochi. Wale watoto walikuwa na mihula mizima ya masomo ya soko kwenye vitabu, na nadhani asubuhi ile iliwafundisha zaidi.

Basi tukalirudia jina. Jambo walilolichagua tangu mwanzo lilikuwa mafuriko, na ni jambo letu kweli. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Sisi wa Magomeni tunaujua. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, Jangwani inafungwa, Barabara ya Morogoro inakatika, na mtu anayefanya kazi Posta anaulizia njia za kuzunguka. Jina lao la kwanza lilikuwa TUTUNZE MAZINGIRA KWA MANUFAA YA VIZAZI VIJAVYO. Kila neno ni sahihi. Nikawauliza nani kati yao angeifunga kiunoni akaenda nayo kwenye maulidi. Mpwa wangu akasema, shangazi, hili ni bango la ofisini.

Ndipo yule wa slaidi, yule mpole, akasema kitu. Akaeleza kwamba yeye alizaliwa bondeni Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa, na familia yao ni miongoni mwa zilizohamishiwa Mabwepande. Alikuwa mdogo, anakumbuka vitu vilivyokuwa vinaelea: sufuria, ndala, ndoo ya njano, na daftari lake la shule. Wenzake walikuwa wamesoma naye miaka miwili na hawakuyajua hayo. Walikuwa wamempa slaidi.

Akaendelea kwamba bibi yake mpaka leo hataki kusikia mtu analaani mvua. Tukakaa na hilo neno. Tukaligeuza, tukalikata, mmoja akaongeza, mwingine akapunguza, na baada ya siku mbili jina likawa hivi: MVUA HAINA KOSA, ALIYEZIBA MTARO NAMJUA.

Msikilizaji, nimeandikiwa majina mengi ya kanga nikiwa kazini, na nakuambia hilo ni jina. Linasema habari ya mitaro iliyojaa chupa za plastiki, na papo hapo mke mwenza analisikia la kwake, na jirani mchonganishi analisikia la kwake. Mwanamke anaweza kulivaa kwa sababu zake mwenyewe ambazo hatuzijui na wala si kazi yetu kuzijua.

Lakini hawakukubaliana mara moja, na hapo ndipo niliwapenda zaidi. Binti wa Tanga alipinga. Alisema jina linanyoosha kidole. Watu wa bondeni tayari wanalaumiwa kwa kuishi bondeni, sasa tuwaongezee na hili? Yule mpole akajibu kwamba anayelivaa anaweza kuwa ndiye huyo huyo aliyeziba, na akilisoma kwenye kioo atajua. Wa tatu akauliza, je, aliyejenga ukuta juu ya mkondo wa maji naye si ameziba? Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilikuwa jikoni nikisikiliza na sikuingia. Kesho yake kila mmoja alikuwa na uwezo wa kulitetea lile jina na uwezo wa kulishambulia, na karibu kila swali watakaloulizwa Alhamisi, siku yao ya kuwasilisha, walishaulizana wenyewe juu ya mkeka wangu.

Rangi zilileta mgogoro mwingine. Wote mwanzoni walifikiria buluu, kwa kuwa maji ni ya buluu kwenye kila picha tuliyochorewa tangu chekechea. Yule kijana akasema maji yaliyoingia kwao hayakuwa ya buluu. Yalikuwa rangi ya udongo, yenye weusi ndani yake. Sasa, nani atanunua kanga ya rangi ya tope? Wakakumbuka Mtaa wa Uhuru, rangi inayomwita mteja kutoka mbali. Ni binti wa Tanga aliyetoa njia. Akaitaja kisutu, ile kanga ya zamani ya maharusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bibi yeyote wa pwani akiiona anaitambua. Wakachukua ule mpangilio wa kisutu, na mahali pa nyekundu wakaweka udongo mwekundu uliokolea. Rangi mbili tu za kuchapa, na weupe wa kitambaa chenyewe. Mmoja wao bado haridhiki. Anaona kisutu ni nguo ya heri na mafuriko si heri. Naona hoja yake ina uzito, na nimemwambia aiseme hivyo hivyo mbele ya walimu kama akiulizwa.

Sasa turudi kwenye pembe. Siku moja mpwa wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya karatasi, anapiga hesabu ya ule mraba wa 15 kwa 15, akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwani pembe zote nne lazima zifanane? Kimya kidogo. Halafu wa jina akasema: pindo ndilo mtaro. Pindo linauzunguka mji kama mtaro. Binti wa Tanga akaruka: basi pembe moja imezibwa! Uacheni mtaro upite vizuri pembe tatu, ya nne ijae chupa na mifuko, na hapo ndipo maji yaingie kwenye mji.

Mji, msikilizaji. Sehemu ya kati ya kanga inaitwa mji, na sisi wenye lugha hii tumelitamka neno hilo miaka yote bila kulisikiliza. Mimi nimeuchora mji huo nusu ya maisha yangu.

Ndivyo kanga yao ilivyo sasa. Pindo ni mkondo unaokwenda, pembe tatu safi, na ya nne, ya chini kulia, imejaa chupa. Kutoka pembe hiyo maji yanaingia mjini kwa kupinda kama Msimbazi unavyopinda, na ndani ya maji vinaelea sufuria, ndala, ndoo na daftari. Jina liko mahali pake chini ya mji, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Ungemuuliza mwenye pindo peke yake asingelipata wazo hilo, na mwenye mji asingelipata, na mwenye jina pia. Yule aliyepewa shukrani ndiye aliyechonga ruwaza za plastiki ngumu za kupakia rangi, na mkono wake ni mtulivu kuliko wa wenzake wote, jambo ambalo hakuna aliyelijua kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Si kila kitu kilikwenda laini. Binti wa Tanga aliuona mji wake wa kwanza, ule wa mawimbi, ukifutwa, na mchoro ulikuwa mzuri. Siku iliyofuata hakuja. Aliporudi hakusema neno, akachukua penseli akaanza kuchora ndoo. Nilimpa chai na sikumuuliza. Halafu yule wa shukrani alikosa vikao viwili, na kundi likataka kuliondoa jina lake, maana kwenye kila kazi ya kundi kuna yule anayesubiri kubebwa na wao wamechoka kubeba. Nikawaomba wamuulize kwanza. Ikabainika kwamba usiku anauza kwenye banda la chipsi ili alipe kodi ya chumba, na saa walizozipanga ndizo saa zake za kazi. Wakahamisha vikao asubuhi. Wengine huwa wanabebwa kweli, sikatai. Huyu hakuwa mmoja wao.

Ukabaki ule uwasilishaji wenyewe. Mpango wa kwanza ulikuwa slaidi 30. Niliuliza umeme ukikatika mtafanyaje, wakatazamana. Wakaamua kwamba nguo ndiyo itakayosema. Wataanza bila maneno: binti mmoja ataingia amejifunga ile kanga, atapita mbele ya meza ya walimu, halafu atawapa mgongo, asimame. Hivyo ndivyo kanga inavyosomwa mtaani, na mtu anayetembea nyuma yako. Watasoma jina kimya kimya. Wengine watatabasamu, kwa kuwa kila mtu ana mtu anayemfikiria. Kisha wenzake wataifungua na kuitandaza, mikono minne, pembe nne, na wa tano ataanza kuzungumza kutokea ile pembe iliyozibwa.

Hawakugawana sehemu za kusema. Wote wamejifunza yote, na nani aanze na nani afuate watapiga kura asubuhi hiyo hiyo. Nimewajaribu. Nanyoosha kidole kwa yeyote na kuuliza lolote: kwa nini rangi mbili, kwa nini sentimita 20, kwa nini herufi zimenyooka? Kijana wa slaidi, ambaye wiki ya kwanza nilikuwa sijui sauti yake ikoje, alinieleza juzi hesabu ya pindo vizuri kuliko nilivyomweleza mimi.

Zoezi la kwanza lilichukua dakika 27. La pili 22. Walilazimika kukata, na kilichokatwa kwanza ni historia ya kanga. Iliniuma, ingawa walikuwa sahihi, maana walimu wao wanaijua. Basi niruhusu niiweke hapa, kwa kifupi, isipotee. Katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mraba ambavyo hata jina lake tulilipata kwa Wareno. Ziliuzwa zikiwa gora refu halijakatwa. Wanawake wakawa wanakata tatu na tatu, wanaziunganisha, sita zinakuwa nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuchapisha nguo nzima, na zile za madoadoa zikaitwa kanga, kama ndege. Majina yalikuja baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Mombasa wanamtaja Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake mwaka 1887 na ambaye kanga zake zinajulikana mpaka leo kwa alama ya Mali ya Abdulla. Kwa miaka mingi zilichapwa Ulaya, India na Japani, mpaka viwanda vyetu vilipoanza, kama Urafiki hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Lakini mimi moyo wangu uko na wale wanawake wa kwanza na leso zao sita. Walikaa mahali, wakazitandaza chini, wakaamua ipi ikae na ipi. Majina yao hatunayo.

Zoezi la jana asubuhi lilikuwa dakika 14.

Nina ombi kwa walimu wa vyuo mnaonisikiliza. Mnapotoa kazi ya kundi, tafadhali msiwape watoto muda wa kugawana tu, wapeni na sakafu. Chumba kimoja chenye meza kubwa, kinachofunguliwa jioni, kingetosha. Na siku ya kuwasikiliza, muulizeni aliyechora kuhusu maneno, na aliyeandika maneno mumuulize kuhusu rangi. Wakijua kwamba mtauliza hivyo, wataanza kukaa pamoja wiki tatu kabla. Nanyi wazazi, mtoto akikuambia anakwenda kwa mwenzake kufanya kazi ya kundi mpaka usiku, mwambie wenzake waje nyumbani kwako. Sogeza viti. Chai ya watu watano si ghali.

Zamu yao ni Alhamisi saa nne asubuhi. Hawana fedha za kutengeneza fremu na kuchapisha kiwandani, kwa hiyo kanga yenyewe wameipaka kwa mkono juu ya kitambaa cha marekani, na rangi ilitosha moja tu, si doti. Imeshakauka. Mimi nimejitolea kuipinda, kwa sindano, maana cherehani ingeweza kuivuta pembe ikapinda. Pande tatu nimeshamaliza. Wa nne, ule wa chini wenye chupa, naupinda usiku huu nikifika nyumbani.